Mkoge

Duka langu liko Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
mlango wa buluu, ukimpita fundi cherehani.
Nachapa, natoa kopi, najalidi ripoti.
Mwaka ule wa mgao wa umeme
nilimchapia Shemndolwa kazi yake ya diploma,
kurasa arobaini na moja kuhusu mashamba ya Pongwe.
Alikuja jioni na daftari lenye madoa ya utomvu,
mikono imechanwachanwa na miiba,
maana majibu aliyafuata kwa wakataji wenyewe,
mstari kwa mstari.

Ukurasa wa kumi na nne kidole kiliteleza.
Pa *mkonge* nikaandika *mkoge*.
Herufi moja. Umeme ukakatika,
uliporudi tukajalidi hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata kijana akaja na flashi:
"Mama, badilisha jina tu, hapo juu."
Nikabadilisha. Elfu tatu.
Mwaka mwingine wawili. Kisha sita.
Wa Chumbageni, wa Muheza, hata wa Korogwe,
kila mmoja na jalada lake, shukrani zake kwa wazazi,
na kila mmoja, ukurasa wa kumi na nne:
*mkoge*.

Nimeuona ukirudi na majina kumi na tisa.
Umepata alama za juu. Wino mwekundu
umepita kushoto kwake, umepita kulia,
juu yake haujatua.
Mwizi wa kuku hujipapasa kichwa akisikia habari ya unyoya;
hawa hata hawajui wamebeba nini.
Nami ninayejua
nimekaa na chenji mkononi.

Jana kaja Mwanakombo, binti wa muuza barafu za ubuyu,
na karatasi za mkono, kifutio kimetoboa mahali.
Nachapa. Ukurasa wa tisa vidole vikasimama:

*Shemndolwa anaandika kwamba mkataji wa mkoge
(nadhani alikusudia mkonge)
alimaliza mistari minne kwa siku.
Mimi nilipokwenda, Bwana Kiluwa
alinionyesha mitatu. Sijui kwa nini.*

Sijui kwa nini.
Miaka yote hii ya kuchapa
maneno hayo matatu
hakuna aliyewahi kuniletea.

Nikayachapa polepole, kama mtu anayehesabu pesa za amana.
Akauliza bei. Nikamwambia, subiri kidogo, mwanangu,
nikaligeukia lile faili la zamani,
nisijue nalifuta
au nalisahihisha.