Wino Mwekundu

Daftari la kwanza lilikuwa na jalada la kijani,
linanuka detoli na ubani.
Safu ya mwisho niliandika kwa buluu: kawaida,
kawaida, kawaida, ukurasa mzima,
mpaka kalamu ikaijua njia peke yake.
Wino mwekundu ulikuwa wa kisu.
Kichupa kimoja kilinikalia miaka miwili, kikakauka.

Nilikuwa mgeni Ibra bado,
Kiarabu changu kina Unguja ndani yake.
Wanawake walinicheka katikati ya uchungu,
wameshika chuma cha kitanda, wanacheka, wanasukuma.
Bi Shinuna alikuja kwa wa kumi na moja.
"Nipishe, mwanangu," akaniambia, "kazi hii naijua."

Daktari wa siku zile, Msudani mrefu,
alizunguka chumba kabla hajakata.
Mtoto kakaa vibaya, saa zinakwenda, yeye anahesabu:
huyu ana miaka ishirini na mbili,
bado vizazi saba viko mbele yake.
Nikimpasua leo, nani atakayemshona kwa wa nane?
Basi tukangoja. Mara nyingi kungoja kulizaa.
Mara moja, mwezi wa Saba, hakukuzaa.
Jina lake sijaliandika kwa wino wowote.

Kisha wakaja watu wa wizara na mabango:
mama, watoto wawili, mtende mmoja,
na maneno ya kuwapumzisha mama baina ya mtoto na mtoto.
Nikagawa vidonge mlangoni kama karanga.
Kitanzi niliwaeleza kwa kukunja waya wa birika.
Sijuti. Nimewaona wakirudi na meno yao yote,
na damu mwilini, na muda wa kunywa kahawa ikiwa moto.
Sijuti hata kidogo.

Ila upande wa pili wa hesabu hapana aliyenisomea.

Alikuja Thuwayba, mwalimu, miaka thelathini na tatu,
mimba ya kwanza. "Mie nataka watatu tu."
Na daktari, mwingine huyu, kijana, hazunguki chumba.
Watatu? Kovu linastahimili watatu.
Kile kilichokuwa kikiuzuia mkono
tulikiondoa sisi, kwa kikapu cha vidonge.
Wa kwanza kisu, kwa kuwa mtoto kachoka.
Wa pili kisu, kwa kuwa wa kwanza.
Wa tatu kisu, Jumatatu, saa mbili asubuhi,
na mume kaomba iwe kabla ya foleni ya barabara ya Maskati.

Kichupa sasa hakifiki Ramadhani.

Mwaka huu mabango yamebanduliwa,
ukutani imebaki miraba minne ya rangi safi.
Redioni wanauliza: mbona nyumba kubwa, sauti chache?
Mama mkwe wa Thuwayba naye ana redio.
Thuwayba karudi, kakaa mbele yangu, mkono chini ya kitovu,
anataka kujua kama wa nne anawezekana.
Nilimtazama nikamtazama.
Bango hubanduliwa kwa kisu cha jikoni, mwanangu.
Tumbo halibanduki likarudi lilivyokuwa.

Hayo nimemwambia yeye. Nyumbani ulimi mzito.
Binti yangu Ghaniya ana tarehe yake,
imezungushiwa duara kwenye kalenda ya benki.
"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," namwambia.
"Mama, kuna ganzi," ananijibu, anakata limau.
Sijui nimfundishe nini. Najua kupika uji wa pilipili manga,
najua siku ya tatu atakwenda msalani kaukumbatia mto,
na najua anaogopa, kwani limau lile
alilikata vipande kumi na sita.

Kompyuta imeletwa wodini, inataka moja au mbili.
Daftari langu bado naliandika.
Jana nilikwenda dukani kununua wino.
Mmalabari akauliza rangi gani,
na nyuma yangu watu walikuwa wanangoja.