Mstari wa Thelathini na Saba

Mama alikuwa amekalia miwani yake Jumapili,
kwa hiyo fomu nilimsomea mimi, mwenye miaka kumi,
kwenye meza ya jikoni iliyoegemea kadibodi mguu mmoja,
huku Dale amelala chini ya koti lake la kazini
lililonuka sabuni ya sufuria za hospitali.

Jina kamili. Bernadine Kaczmarek.
Kazi. "Andika: muosha vyombo. Hapana, andika: mhudumu wa lishe,
ndivyo wanavyoniita wakiniandikia barua ya onyo."
Hali ya ndoa. Akanyamaza.
Nje, upepo wa Ziwa Erie ulipapasa madirisha
kama mtu aliyesahau ufunguo.
"Weka alama kwenye 'nyingine,'" akasema.

Wanaokutegemea, wangapi?
"Wawili."
Nikageuza ukurasa, nikatafuta
palipoulizwa yeye anamtegemea nani.
Nikamwambia wamesahau swali.
Alicheka hadi Dale akaamka.

Mstari wa thelathini na saba ulitaka mapato yote ya mwaka:
kabla ya kodi, kabla ya basi, kabla ya dawa ya sikio la Dale,
kabla ya kila kitu kinachofanya pesa zako zisiwe zako.
Alimwaga karatasi za mshahara kutoka kopo la biskuti,
tukajumlisha mara tatu, likaja jibu lile lile.
"Serikali haina macho," alisema, "lakini kikokotoo inacho."

Jibu lilikuja Machi, bahasha nyembamba.
Amezidi kiwango
kwa dola arobaini na moja.

Tulizijua.
Zilikuwa zimesimama mlangoni, zikivuja theluji:
buti zangu mpya,
zamu mbili za mkesha wa Krismasi alizomwomba msimamizi.
Mama alizitazama muda mrefu,
kisha akazigeuza zielekee ukutani.

Mwaka uliofuata alikataa kila saa ya ziada.
Bwana Truscott akamwita mvivu mbele ya wenzake,
naye akaendelea kupangusa trei
kama anayehesabu moyoni.
Kuwa maskini kwa vipimo, usipungue, usizidi:
sijamwona akifanya kazi ngumu kuliko hiyo.
Buti zikabana, kisha zikapasuka.
Nikavaa soksi, mfuko wa mkate, soksi nyingine,
na njia nzima ya shule miguu yangu ilitoa sauti
ya mtu anayefungua zawadi.

Bahasha ya pili ilikuwa nene.
Ilikaa juu ya friji siku mbili, hakuna aliyeigusa.
Ndani: karo, vitabu,
na kitu kidogo cha kumlipa Bibi Pruitt wa ghorofa ya chini
atulinde hadi saa nne usiku.
Sare haikuwamo. Akanunua ya mtumba,
kifuani imetariziwa Yvette,
na muhula mzima chuoni wakamwita Yvette.
Hakuwasahihisha. Alisema Yvette hana deni popote.

Alisomea upigaji wa eksirei.
Usiku aliingia viatu mkononi,
akaketi ukingoni mwa kitanda,
akautoa mguu wangu kwenye blanketi, akidhani nimelala,
akabonyeza mfupa mmoja mmoja
akiutaja kwa Kilatini cha Pennsylvania,
ishirini na sita,
na akikosea alirudi kisiginoni, akaanza upya.
Vidole vyake bado vilinuka sufuria.
Nami nilitulia tuli,
maana kitabu hakijigeuzi kurasa.

Kidole changu cha mwisho kilikuwa kimepinda,
kilikulia ndani ya zile buti.
Hapo alisita, kila usiku,
kidole gumba chake kikipita juu yake mara mbili, mara tatu.
Kisha akakitaja nacho.