Saini Njema

Ijumaa saa kumi, mjini Liepaja,
theluji imegeuka tope kwenye kingo za dirisha,
Visvaldis huvua miwani, huipangusa kwa ncha ya tai,
kisha huandika amri.
Hataki vitu vya kubofya. "Kipanya ni cha paka," husema,
na vidole viwili tu, vya shahada, hudonoa vitufe
kama kuku aliyeona mchele umemwagika.

Faili mia tatu na kumi na mbili:
sauti za wajane wa kiwanda cha sukari,
vikohozi vyao, majina ya wasimamizi.
Huzifungasha ziwe furushi moja,
hulibana kwa kufuli la Skaidrite wa Ventspils,
kufuli ambalo yeyote aweza kulifunga
na yeye peke yake kulifungua.
Akishabonyeza Enta, Visvaldis naye yuko nje
kama mgeni yeyote mlangoni.
Aijuaye siri ya mtungi ni kata;
kata iko Ventspils.

Halafu saini.
Si mkwaruzo wa wino. Ni mistari ya herufi zisizotamkika,
na koma moja ikihama ndani ya furushi
saini yote inakana.

Nilimuuliza: nani ataiba vikohozi vya vikongwe?
Akaniwekea kidole kwenye jina la msimamizi mmoja,
kisha kwenye bango la uchaguzi, ng'ambo ya barabara.

Alikufa Machi, kwenye foleni ya duka la dawa.
Nenosiri lake, maneno saba, alikwenda nalo.
Ijumaa ile nilikalia kiti chake,
kishale kinapepesa, kinapepesa,
nami sina mkono wa kuazima.

Wiki iliyopita wakili wa bango alidai mahakamani
kwamba sauti zimechezewa.
Skaidrite akalitoa furushi la mwisho, akaandika amri ya kuhakiki,
akanitumia picha ya skrini:

*Saini njema. Visvaldis Grauds.*

Na chini yake onyo: ufunguo huu umepitwa na muda.

Mashine haijui mauti. Inajua tarehe.
Lakini hakuna kilichoguswa,
kila kikohozi kiko pale alipokiacha.

Leo natengeneza ufunguo wangu.
Kompyuta inaniomba nisogeze kipanya ovyo,
huku na huku, ipate kuokota nasibu.
Nasogeza.
Nacheka peke yangu ofisini,
namtafuta paka.