Inchi Nne

Mwalimu Khasandi alikuja karakanani Kariobangi
na vipimo nyuma ya karatasi ya mtihani.
Ngoma kuu: upana wake, kina chake.
Tuba: "kama mtoto wa darasa la tatu aliyejikunja."
Nikamwambia, Mwalimu, chuma hakielewi mifano.
Niletee tuba yenyewe.

Kesho yake ikaja, mgongoni mwa msichana, Nyakio,
imefungwa kwa leso kama mtoto mgonjwa.
Ilikuwa na kovu shavuni.
Mkokoteni wa makaa ndio uliokuwa ukivihamisha vyote,
chini ya turubai, na mvua ya Aprili
haibishi hodi.
Matarumbeta mawili yalikuwa yakikohoa tangu mwaka jana.
Ngoma ndogo moja gundi yake ilikubali maji, ikafumuka
katikati ya wimbo wa taifa, mbele ya wageni.

Basi nikavipima kimoja kimoja, kama fundi cherehani:
kiuno, mabega, shingo.
Nzuki, mwanagenzi wangu, akaandika kwa chaki sakafuni
hadi tukakosa pa kukanyaga.
Ekseli tuliing'oa kwenye Pijo iliyoota majani.
Sponji ni ya godoro
(la nani sikuuliza, lilinuka maziwa ya mtoto),
tukalikata vitanda vya klarineti.
Matoazi nikayatengea mifuko wima, kila moja peke yake,
maana yakilala pamoja hugombana njia nzima.
Chini, ngoma. Juu, vijiti, mikanda, kofia za manyoya.
Mlango wa nyuma unashuka ukawa ngazi,
mtoto apande na mzigo wake bila kuomba mkono.
Hapo nilijivuna kidogo. Nakiri.

Mhasibu wa shule alikuja kupunguza bei.
Mwamba ngoma huvutia kwake: akavuta, nikavuta,
ngozi haikuchanika.
Tukaafikiana rangi iwe moja tu,
buluu iliyobaki kwenye tangi la maji la mteja mwingine.

Jumamosi tukaivuta kwa pikapu ya shemeji yangu,
matuta ya Outer Ring tukayapanda polepole,
Nzuki ameketi ndani, gizani, kazi yake kusikiliza.
Nikasimama, nikagonga bati: Kuna kelele?
Akajibu: Kimya. Hata matoazi.
Sijawahi kulipwa neno zuri kuliko hilo.

Tukafika getini.
Trela, futi sita na inchi nane.
Geti, futi sita na inchi nne.
Shingo ya tuba nilipima, mimi huyu,
kiuno cha klarineti nilipima,
geti sikulipima.

Mlinzi akaangalia tairi. Mhasibu akaniangalia mimi.
Mwalimu Khasandi hakusema kitu.
Akashusha mlango, ule wa ngazi,
akaanza kuita majina.
Wakapanda mikono mitupu, wakashuka wamejaa.
Nyakio na tuba yake, safari hii kifuani.
Ogwang' wa ngoma kuu akapiga mara moja
kujaribu kama imefika nzima,
na kwa kuwa imefika nzima akapiga tena,
na miguu ya wenzake ikasikia.
Wakaingia hivyo, bila sare, mmoja na ndala,
wimbo umeanzia katikati,
na trela yangu imebaki nje, tupu, ya buluu,
mdomo wazi.

Jumatatu nikarudi na grinda na nguzo mpya.
Nikakata, nikasogeza, nikachomelea.
Mhasibu akauliza, hii nayo kiasi gani?
Nikamwambia asubiri risiti. Anasubiri bado.
Kwenye daftari langu, chini ya jina la shule,
upande wa deni, si lao, langu,
niliandika: inchi nne.
Sijalifuta. Siku hizi mteja akija na karatasi yake,
kabla hajaikunjua namuuliza:
itaingilia wapi?