Pumzi za Wizi

Helju hapigi meza. Anagonga penseli
kwenye sweta lake; haitoi sauti,
nasi twanyamaza.

"Besi, msipumue pamoja.
Ibeni, mmoja mmoja, katikati ya irabu,
kamwe si mwishoni mwa mstari.
Jirani akiachia, wewe shika."

Nje, theluji ya Viljandi imefika madirishani.
Viatu vyetu vinavuja chini ya viti.

Ülo, fundi wa mashine za kukamulia,
alizoea kuiba kwenye "a" ya pili,
harufu ya maziwa ikinipitia shavuni.
Mimi nilimshikia.

Leo kiti chake kimejaa makoti.
Ikafika ile "a". Nikashika.
Nikashika,
hadi penseli ikashuka,
Helju akasema, si kwa kwaya:

"Endel. Sasa pumua."