Mia Moja Thelathini na Saba

Saa tisa kasoro dakika kumi usiku, Dundee.
Mvua inatoka Mto Tay, inanyesha kimshazari,
hita inagonga kama mgeni aliyesahau jina la mwenye nyumba,
na mlinzi wangu amekufa tena.

Mara ya kumi na nne tangu magharibi,
ambayo huku, Desemba, huingia saa tisa na nusu mchana.
Hakupiga kelele.
Logi inakatika katikati ya sentensi:
napakia orodha mpya ya
halafu kimya, halafu namba,
mia moja thelathini na saba,
ambayo kwa lugha ya mashine maana yake ameuawa.
Na nani? Haisemi.

Kazi yake ni moja, mlangoni mwa kontena:
kila faili linaloingia alipekue,
aseme safi, au aseme chafu.
Tunapokea picha za eksirei za waganga wa mifugo,
mbwa, paka, sungura wa watoto,
na bila neno lake haipiti hata moja.
Foleni ina mia tatu na kumi na mbili.
Wa kwanza ni Bramble wa Aberfeldy, jike, miaka sita,
mguu wa nyuma, kushoto.
Anasubiri tangu saa moja jioni.

Catriona ananiandikia kutoka kitandani kwake:
Si tuzime ukaguzi hadi asubuhi?
Ndiyo, na tung'oe mlango, tusipoteze funguo.
Namjibu: nipe nusu saa.

Nilishuku mtandao. Mtandao mzima.
Nilishuku ruhusa, nikazisoma moja moja
kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo.
Nikamwasha upya, sote hufanya hivyo, tusidanganyane,
naye akaamka hana jana,
maana kontena likifa huzaliwa uchi,
akaomba orodha yote tangu alifu,
mara kumi na nne,
hadi wenye orodha kule mbali wakachoka nasi:
mmezidisha, rudini kesho.

Ndipo nikafungua chati ya kumbukumbu.
Mstari unapanda, unapanda,
unagusa dari, unaanguka sifuri.
Unapanda.

Mlinzi ana daftari la majina ya wezi, mamilioni.
Likija jipya halitupi la zamani kwanza,
analishika kushoto huku akipokea la pili kulia,
asije akabaki hata dakika moja hajui wezi ni nani.
Ni uaminifu huo uliomvunja mgongo.
Tulimpa gigabaiti mbili za kubebea mawili.

Zinatosha, mtu aliandika pembeni, mwezi wa Machi.
Nikatafuta nani.
Kikulacho, nikasema peke yangu jikoni,
na methali sikuimalizia.

Nikampa nne.
Nikamwambia: weka chini la kwanza, ndipo upokee la pili,
mlango ukifungwa dakika moja hatufi.
Nikamjengea rafu nje ya kontena,
akifa, madaftari yabaki.
Nikaazima nakala ya juzi kutoka chumba cha majaribio.
Kisha nikamtegea kirusi cha uongo,
kijistari cha herufi kisichodhuru hata sisimizi,
kilichotungwa ili walinzi wapimwe.

Nikangoja. Chai imeganda utando.

Chafu, akasema.

Sijawahi kufurahia neno hilo namna ile.

Bramble akapita. Nilichungulia, na sipaswi:
ufa mwembamba kwenye mfupa, kama unywele kwenye sahani.
Catriona hajibu, amelala, na alale.
Nikaandika ripoti.
Chanzo: posho ndogo ya kumbukumbu.
Aliyekata posho: Mwanahawa Shekalaghe,
jina zima, kama lilivyo kwenye pasi,
ili asubuhi wasitafute mchawi.

Mvua bado ni ya kimshazari.
Foleni: mia mbili na tisa.
Mia mbili na nane.