Ukurasa wa Thelathini na Moja

Kikao cha idara, Jumatano, chumba cha juu,
madirisha yametazama mabati ya Ngamiani.
Ajenda ya nne, baada ya madeni ya chaki:
kitabu cha watoto katika somo la Fasihi, mwaka wa pili.

Dakta Semkiwa akakishika kwa ncha za vidole
kama aliyeokota soksi ya jirani.
Akasoma: "Ukitaka kumfuata nguchiro, nenda ukurasa wa kumi na tisa.
Ukitaka kurudi nyumbani, nenda ukurasa wa sita."
Akavua miwani.
"Hii ni fasihi, au kibao cha barabarani?"
Wakacheka. Nami nikacheka, maana kilichekesha.

Kama unakubaliana naye, ishia hapa.
Chai iko tayari, na maandazi bado ya moto.

Umebaki? Basi sikia.
Kitabu ni cha binti yangu Tumu, mgongo wake selotepu tupu.
Nilikipeleka darasani kwa sababu mashine ya fotokopi ilikufa,
wala sikuwa na nadharia yoyote mfukoni.
Watu wazima arobaini na wawili wakakisoma kwa zamu.
Mwanamkasi Singano, karani wa saruji miaka kumi na mmoja,
alimchagua nguchiro,
ila kidole gumba akakiacha nyuma, kwenye njia panda,
kimebanwa kati ya karatasi.
Nikamwambia, toa kidole.
"Mwalimu, nilipoolewa hakuna aliyenishikia ukurasa.
Hapa niachie."

Nguchiro akatufikisha ukurasa wa thelathini na moja.
Haupo.
Tumu aliuchana zamani, kwa kazi asiyoikumbuka.
Tukatazama ule mshono mtupu.
Kisha Kaniki, dawati la nyuma:
"Kimetutega, tumeshindwa. Kipeni mji!"
Chumba kizima kikalipuka: Pangani! Muheza! Mkinga!
Mmoja akatoa Dodoma, akazomewa.
Mji ukatolewa, lakini jibu halikuja,
kwani aliyetega hakuwapo.
Ikabidi tulitunge wenyewe.

Nina kurasa thelathini na moja arobaini na mbili
kwenye mfuko wa rambo, chini ya kiti changu.
Kwenye mmoja nguchiro anadai nauli.
Kwenye mwingine anaomba radhi, haisemwi kwa lipi.
Mwanamkasi aliandika mstari mmoja:
Nikafika kwetu, mlango umepakwa rangi nyingine.

Haya nikayaeleza kikaoni, vibaya, kwa kurukaruka.
Bi Hoza akauliza tutasahihishaje mtihani
wenye majibu arobaini na mawili.
Swali la haki. Sikuwa na jibu.
Katibu akaandika: suala liahirishwe hadi muhula ujao.

Tulipokuwa tunakusanya makaratasi,
Dakta akanisogelea, sauti ya chini:
"Na huo wa sita, wa nyumbani, una nini?"
Nikafungua mdomo, nikaufunga.
Miaka yote namsomea Tumu,
hakuna usiku tuliouchagua.